Nchi ya tatu: faili la UNHCR, mdhamini wa Canada, au ndugu aliyeko Australia?

Ukiwa mkimbizi Kakuma (Kenya), Nakivale (Uganda) au Nyarugusu (Tanzania), kokote utakakokaa utasikia njia nne za kwenda nchi ya tatu, yaani si uliyotoka wala uliyokimbilia, zikitajwa kana kwamba ni kitu kimoja: kuhamishwa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kudhaminiwa Canada, kupendekezwa na ndugu Australia, na kuunganishwa na familia. Si kitu kimoja hata kidogo. Kila njia ina mtu wake wa kuianzisha na masharti yake, na anayesubiri njia isiyo yake anaweza kupoteza miaka huku ile iliyokuwa wazi kwake ikifungwa.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya familia zilizoko Kenya, Uganda na Tanzania, na ndugu zao walioko ng'ambo wanaopigiwa simu kila wiki kuulizwa kesi imefikia wapi. Njia haichaguliwi kwa kupenda nchi. Inachaguliwa kwa kutazama una ndugu gani ng'ambo, yuko huko kwa hadhi gani, na karatasi yako ya usajili imeandika nini. Hali inayoelezwa hapa ni ya mwishoni mwa 2025. Sera hizi hubadilika, wakati mwingine kwa siku moja.

Nani anaanzisha faili

Kwa UNHCR huombi. Hakuna fomu ya kujaza, na anayekuuzia fomu ni tapeli. Maofisa wa UNHCR na washirika wao ndio wanaotambua nani ana uhitaji, kwa kufuata makundi saba: wenye hatari ya kisheria au ya kimwili hapo walipo, walionusurika mateso au ukatili, wenye mahitaji ya matibabu yasiyopatikana nchini, wanawake na wasichana walio hatarini, watoto na vijana walio hatarini, wanaohitaji kuungana na familia, na wasio na suluhisho lingine la kudumu linaloonekana. Dunia nzima, wanaohamishwa kwa njia hii kwa mwaka hawafiki 1% ya wakimbizi wote. Kukaa kambini miaka 15 peke yake hakukupi nafasi.

Unachoweza kufanya ni kuhakikisha tatizo lako limo kwenye rekodi. Ukitishiwa, ripoti polisi na uondoke na namba ya taarifa yako, iitwayo OB kwa Kenya au RB kwa Tanzania, kisha upeleke nakala kwenye dawati la ulinzi la UNHCR. Ukiwa na ugonjwa usiotibika kambini, omba ripoti ya daktari yenye jina la ugonjwa, matibabu yaliyokwisha kujaribiwa na yale yasiyopatikana. Kesi nyingi nzito hazijulikani kwa sababu mwenyewe alimweleza jirani na mchungaji, lakini hajawahi kumweleza ofisa anayeandika kwenye mfumo. Na UNHCR hupendekeza tu. Nchi inayopokea ndiyo inayosaili, inachunguza na kuamua, na huchagui ni nchi gani faili litapelekwa.

Canada ina milango miwili mikubwa. Wakimbizi wanaosaidiwa na serikali hupitia UNHCR kama ilivyoelezwa hapo juu. Wanaodhaminiwa na watu binafsi, utaratibu ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970, huanzishwa na mdhamini aliyeko Canada, na yeye ndiye anayetaja jina lako. Wadhamini ni wa aina tatu. Kuna mashirika yenye mkataba na serikali, mengi yakiwa ya makanisa na ya jumuiya za kidini au za kikabila. Yako zaidi ya 100. Kuna vikundi vya watu watano au zaidi, wote wakiwa raia au wakaazi wa kudumu. Na kuna asasi za jamii zinazodhamini zenyewe.

Tofauti baina yao ndiyo inayoangusha wengi. Kikundi cha watu watano na asasi ya jamii huhitaji uwe na hati ya kutambuliwa kuwa mkimbizi, ya UNHCR au ya serikali ya nchi uliyomo. Pasi ya mwomba hifadhi haitoshi, na hapo ndipo wengi wa Nairobi na Kampala wanakwama, maana wanakaa na pasi hiyo miaka kadhaa wakisubiri uamuzi. Shirika lenye mkataba halifungwi na sharti hilo. Pia, tangu 29 Novemba 2024 Canada imesitisha kupokea maombi mapya ya vikundi vya watu watano na ya asasi za jamii, na usitishaji huo umeongezwa hadi 31 Desemba 2026. Kwa sasa, basi, anayesema "tumeunda kikundi, tunakuleta" hana mahali pa kupeleka maombi mapya. Kilichobaki ni mashirika yenye mkataba, nayo hupewa idadi maalumu ya watu kwa mwaka, na orodha zao za kusubiri ni ndefu. Ndugu aliyeko Canada aanzie kwenye shirika lililo karibu na anapoishi, aulize kama orodha iko wazi, na awe tayari kuambiwa hapana na mashirika matano kabla ya la sita.

Australia nako hutazamwa kwa aina mbili za viza. Ya 200 ni ya mkimbizi aliyependekezwa, mara nyingi na UNHCR. Ya 202 huanzishwa na mpendekezaji aliyeko Australia: raia, mkaazi wa kudumu, au shirika linalofanya kazi huko. Kwa 202 unatakiwa uwe nje ya nchi yako na uonyeshe ubaguzi mkubwa unaofikia kuvunja haki zako za binadamu. Mkimbizi hujaza fomu namba 842 na mpendekezaji fomu namba 681. Nafasi zote za kibinadamu, tangu mwaka wa fedha wa 2023–24, ni 20,000 kwa mwaka, na maombi ni mengi mno kuliko nafasi. Barua nyingi za kukataliwa hazisemi kwamba umedanganya. Zinasema nafasi hazitoshi. Ukipata barua ya namna hiyo unaruhusiwa kuomba tena, na inafaa ufanye hivyo hali yako ikibadilika.

Marekani kwa sasa

Kwa miaka mingi Marekani ndiyo iliyochukua wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine kutoka ukanda huu. Mwaka wa fedha wa 2024 ilipokea zaidi ya 100,000, na Wakongo ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote. Mpango huo ulisimamishwa kwa amri ya rais kuanzia 27 Januari 2025, na watu waliokwisha kupewa tarehe za safari wakabaki. Kiwango cha mwaka wa fedha wa 2026 kimewekwa 7,500, na kipaumbele kikapewa Waafrikana, yaani wazungu wa Afrika Kusini wanaozungumza Kiafrikana. Kwa familia ya Kikongo au ya Kisomali iliyoko kambini, hiyo ni sawa na mlango uliofungwa.

Kama faili lako tayari liko kwa Marekani, usilifute kwa hasira. Endelea kutoa taarifa za mtoto aliyezaliwa, namba mpya ya simu, ndoa au kifo. Lakini usiache kwa ajili yake jambo lingine linalowezekana leo. Waulize UNHCR waziwazi kama kesi yako inaweza kupelekwa nchi nyingine. Huenda wakasema hapana, kwa kuwa nafasi za nchi zote zimepungua, ila swali lako litakuwa limeandikwa.

Fedha: nani analipa nini

Mdhamini wa Canada huahidi kukutunza miezi 12 tangu ufike: kodi ya nyumba, chakula, nguo, fanicha, na kukusindikiza shuleni, hospitalini na benki. Jedwali la gharama wanalolitumia wadhamini huanzia dola 16,500 za Canada kwa mtu mmoja kwa mwaka na hupanda kwa ukubwa wa familia. Anayekuja kwa msaada wa serikali hupewa fedha za kujikimu kwa kawaida hadi mwaka mmoja. Njia ya tatu, ya mchanganyiko, jina hutoka UNHCR, serikali ikabeba miezi sita na mdhamini sita; ndugu yako hawezi kuitumia kukuchagua wewe.

Hapa kuna jambo la kushikilia: mdhamini haruhusiwi kumtoza mkimbizi fedha ili amdhamini, kabla ya safari wala baada ya kufika. Ndugu walioko Canada wanaweza kuchangia mfuko wa udhamini. Mkimbizi mwenyewe hatakiwi kulipa ili jina lake liingie. Anayetuma ujumbe akidai "dola elfu tatu za kufungua faili" anavunja kanuni, hata kama shirika analolitaja lipo kweli.

Tiketi ya kwenda Canada kwa kawaida hulipwa kwa mkopo wa serikali usio na riba, unaoanza kurejeshwa mwaka mmoja baada ya kufika. Wengi hawaambiwi, wakifika wanapata barua ya deni na kudhani wametapeliwa. Kwa Australia, mwenye viza ya 200 hulipiwa na serikali. Mwenye 202 hujigharimia safari, au mpendekezaji anabeba. Viza yenyewe ya 202 haina ada. Ndugu mwenye kipato kidogo Melbourne anayempendekeza mama na wadogo sita anapaswa kujua hivyo mapema, maana viza ikitoka, hakuna ofisi itakayomletea tiketi.

Familia, mahali faili huvunjika

Karatasi inayoamua mengi kuliko zote ni ile ya usajili wa familia uliyopewa siku ya kwanza. Ofisa wa Canada, wa Australia au wa kwingineko ataliweka ombi lako kando ya karatasi hiyo na kulinganisha mstari kwa mstari: majina na tahajia zake, tarehe za kuzaliwa, nani ni mtoto wa nani, mlifika lini.

Makosa yanajirudia. Kuna anayemwandikisha mpwa kama mtoto wake ili mgao wa chakula usipungue. Anayejiandikisha hajaoa kwa sababu mke alibaki Uvira. Anayeongeza au kupunguza umri wa binti. Anayejiandikisha Uganda, akavuka hadi Kenya na kujiandikisha upya kwa jina jingine, akidhani mifumo haionani. Alama za vidole huonana. Mengine yalifanywa kwa njaa au kwa woga, na maofisa wanalijua hilo. Dawa yake ni kurekebisha rekodi sasa, kwa hiari, kwa maelezo ya kweli, kabla ya usaili. Marekebisho yaliyoandikwa miaka miwili kabla ya usaili husomeka kama ukweli. Yaleyale yakitolewa mbele ya msaili aliyekwisha kuona tofauti husomeka kama uongo uliokamatwa.

Kwa nini jambo hili ni zito? Kwa sababu haki ya kumleta aliyebaki hujengwa juu ya kumtaja kabla hujaondoka. Canada humruhusu mkimbizi aliyefika kumwombea mwenzi na watoto wake waliobaki, kwa sharti kwamba aliwataja kwenye fomu kabla ya safari na ombi liwasilishwe ndani ya mwaka mmoja tangu alipofika. Usiyemtaja kuwa mwanafamilia anaweza kuzuiwa kabisa baadaye. Mtaje hata kama hujui aliko. Mtaje hata kama yuko vitani. Australia hutoa kipaumbele kwa mwenzi na watoto, au kwa wazazi iwapo mpendekezaji ni mtoto wa chini ya miaka 18, kama uhusiano ulitajwa kabla viza ya mpendekezaji haijatolewa na ombi likapelekwa ndani ya miaka mitano tangu viza hiyo. Ujerumani huangalia miezi mitatu: aliyetambuliwa kuwa mkimbizi akiwasilisha ombi la mwenzi na watoto ndani ya muda huo hatakiwi kuthibitisha kipato wala ukubwa wa nyumba, akichelewa, anaweza kudaiwa vyote. Uingereza, kwa upande wake, ilisitisha kupokea maombi mapya ya aina hii kwa familia za wakimbizi tarehe 4 Septemba 2025.

Mtoto kwa Canada ni aliye chini ya miaka 22 na hana mwenzi. Umri hufungwa siku ombi linapopokelewa, si siku ya safari, kwa hiyo kijana wa miaka 21 na nusu ni sababu tosha ya kuharakisha. Mpwa au yatima uliyemlea si mtoto wako kisheria hata kama anakuita baba. Kuna nafasi ya mtegemezi wa namna hiyo, lakini sharti yeye mwenyewe awe na sababu zake za ukimbizi na mwonyeshe kwamba anakutegemea kwa matunzo na kwa moyo. Kwa UNHCR, mtoto asiye wa kumzaa hufanyiwa kwanza tathmini ya maslahi bora ya mtoto; isipofanyika, faili zima la familia husimama. Mtoto wa kumzaa ambaye mzazi wake mwingine hayupo anahitaji ridhaa ya mzazi huyo, cheti cha kifo, au uamuzi wa malezi. Anza kuutafuta leo. Mahakama za wilaya haziendi kwa kasi ya ndege. Na mwenye wake wawili ajue kwamba nchi hizi humtambua mmoja tu kama mwenzi. Watoto wa mke wa pili hubaki kuwa watoto wako na waandikwe hivyo, lakini mama yao atahitaji njia yake mwenyewe.

Muda, na vitu vinavyourudisha nyuma

Hakuna njia ya haraka kati ya hizi. Udhamini binafsi wa Canada huhesabiwa kwa miaka. Kesi ya UNHCR yenye hatari ya maisha inaweza kwenda kwa wiki au miezi, ya kawaida kwa miaka. Lakini ucheleweshaji mwingi unaoweza kuzuilika hutokea sehemu tatu.

Ya kwanza ni fomu zenyewe. Canada hudai historia ya miaka 10 iliyopita, au tangu utimize miaka 18, mwezi kwa mwezi, bila pengo. "2016–2019: kambini" haitoshi. Inatakiwa iandikwe ulikuwa ukifanya nini, hata kama ni "bila kazi, Kakuma". Kawaida fomu hujazwa na ndugu aliyeko Canada, anayekisia tarehe kwa nia njema; msaili anapokuuliza ulitoka Goma lini, jibu lako halilingani na fomu uliyotia sahihi bila kusomewa. Mwambie akusomee kila ukurasa kwa Kiswahili au lugha yenu kabla hujasaini, hata kama simu itachukua jioni tatu.

Ya pili ni vipimo vya afya. Vipimo vya Canada hudumu miezi 12. Kikohozi au doa kwenye picha ya kifua huleta kipimo cha makohozi kinachooteshwa maabara hadi wiki nane, na ikipatikana kifua kikuu, matibabu ya miezi kadhaa kabla ya safari. Wakati huo vibali vya usalama vya wengine kwenye faili vinaweza kuisha muda na kuanza upya. Ndiyo maana mwenye kikohozi kisichoisha aende kituo cha afya sasa, bila kusubiri kuitwa. Virusi vya UKIMWI havikuzuii kwenda Canada kama mkimbizi: wakimbizi wamesamehewa kigezo cha kuwa mzigo kwa huduma za afya. Kuacha dawa ili "kipimo kisionyeshe" ni kujiua bure, na kipimo kitaonyesha.

Ya tatu ni mabadiliko ya familia. Mtoto akizaliwa, tafuta cheti cha kuzaliwa mara moja, umwandikishe kwa serikali na UNHCR, kisha umjulishe mdhamini. Ndoa inayofungwa katikati ya mchakato bila kutajwa ni hatari kuliko ndoa iliyotajwa na kuchelewesha. Mwisho kabisa kuna kibali cha kutoka nchini. Mwenye namba mbili za usajili au kesi ya polisi isiyofungwa hukwama hapo, mizigo ikiwa imefungwa.

Ukikataliwa na Canada, pingamizi mbele ya Mahakama ya Shirikisho linapaswa kuwasilishwa ndani ya siku 60 kwa uamuzi uliofanyika nje ya Canada. Hesabu inaanza siku unayojulishwa, hivyo barua pepe uliyoitumia kwenye fomu lazima uwe unaweza kuifungua mwenyewe.

Kwa hali yako

Una mume, mke au mzazi aliyekwishafika kwa hadhi ya ukimbizi: achana kwanza na njia nyingine zote, angalia kama muda wake wa kuomba bado upo, iwe mwaka wa Canada au miaka mitano ya Australia. Hakuna mlango wenye nguvu kuliko huo, na hakuna unaofungwa kimyakimya kama huo.

Una kaka, shangazi au rafiki wa karibu Canada, na umeshatambuliwa au bado: shirika lenye mkataba. Ndugu huyo akiwa Australia, omba 202, ukijua kwamba kaka huwekwa nyuma ya mke na watoto kwenye foleni.

Huna mtu ng'ambo, lakini uko hatarini hapo ulipo: weka nguvu zote kwenye kumbukumbu za ulinzi za UNHCR. Kuhama kambi moja kwenda nyingine ukisikia "kule kesi zinatoka" kunakurudisha mwanzo na kunatia shaka usajili wako.

Kijana aliyemaliza sekondari kwa alama nzuri, na hana familia yake mwenyewe, ana njia ambayo wazazi wengi hawaijui. Mpango wa wanafunzi wakimbizi wa shirika la WUSC, ulioanza 1978, huwapeleka vijana kwenye vyuo vya Canada kama wakaazi wa kudumu, wakidhaminiwa na wanafunzi wenzao. Huchukua waombaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi miongoni mwa nchi nyingine. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali, lakini kuomba ni bure. Wazazi wajue pia kwamba kijana hufika Canada akiwa peke yake. Hiyo si tiketi ya nyumba nzima, na anayemsukuma binti yake aombe apime hilo pamoja naye.

Na aliyepata uraia mahali alipo, kama Warundi wa 1972 waliopewa uraia wa Tanzania, si mkimbizi tena mbele ya nchi hizi. Kwake zimebaki njia za kawaida za kazi, masomo na familia. Aliye na mwenzi raia wa Kenya au Uganda ataulizwa kwenye usaili kwa nini hawezi kukaa hapo, kwa kuwa Canada humchukua tu asiye na matumaini ya suluhisho lingine la kudumu ndani ya muda unaofaa. Aende na jibu la kweli na lenye ushahidi: ombi la ukaazi lililokataliwa, barua ya ofisi iliyomrudisha, risiti yenye tarehe.